Pau Mbili na Shali ya Baba

Kwa miaka mitatu nilisifiwa mpaka nikaanza kuwachukia wanaonisifu. Nikitoka kumsimamisha mwenye mkokoteni wa maji, jirani ananiombea Pepo kabla hata sijamsalimu. Nikienda kununua nepi za watu wazima, mwenye duka anawageukia wateja wengine na kuwaambia kwamba watoto wa namna yangu wamekwisha duniani. Kaka yangu, anayekaa Nairobi, alipiga simu kila Ijumaa baada ya swala na kuniita nguzo ya nyumba. Nguzo haiulizwi kama imechoka. Wote hao walikuwa na neno zuri la kunipa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema, leo nenda ukalale, nitakaa naye mimi.

Baba alipigwa na kiharusi asubuhi moja katika soko la mifugo la Garissa, mbele ya watu waliomjua maisha yake yote. Mimi nilikuwa Mombasa, nikifanya kazi katika maabara ya hospitali. Niliomba ruhusa ya wiki mbili, nikaja na mkoba mmoja mdogo, nikauweka juu ya kabati. Mama alikuwa amekwisha fariki zamani. Yeye alikuwa mtu wa Lamu, na Kiswahili hiki ninachoandikia ni chake. Dada yangu ameolewa Tarbaj, mbali huko kaskazini, ana watoto sita na mume anayefanya biashara ya mbuzi. Mimi niliwahi kuolewa, haikudumu, sikupata mtoto. Kwa hiyo kwa maoni ya ukoo mzima nilikuwa mtu asiye na shughuli, na wiki mbili zangu zikawa miaka mitatu bila kikao chochote kuitishwa.

Sitaki kumsingizia baba. Hakuwa mgonjwa msumbufu. Upande wake wa kulia ulikufa na maneno yakaondoka yote, lakini akili ilibaki pale pale, nami niliiona machoni mwake kila nilipokosea kufunga vifungo vya shati lake. Asubuhi namwosha, namlisha uji, namnyoosha mguu na mkono kama nilivyofundishwa hospitalini, namkalisha kwenye kiti chake barazani na kumtandikia shali yake begani. Halafu joto linaingia. Mchana wa Garissa bati la juu hulia lenyewe, umeme hupotea bila kuaga, na mimi nakaa nikitazama ukuta wa jirani, nikihesabu matofali niliyokwisha yahesabu. Daraja la mto Tana, ambalo ndilo njia ya kwenda kokote ninakokujua, liko mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwetu. Katika miaka hiyo mitatu nililivuka mara moja tu, kwa mazishi, nikarudi kesho yake.

Kitu kilichoniuma zaidi kilikuwa kidogo. Kwa Wasomali mzazi humrudishia mtoto jina lile lile analoitwa naye. Mimi nilimwita baba aabo, naye akaniita aabo, tangu nikiwa natambaa. Mkubwa anayeitwa adeer, yaani baba mdogo au rafiki wa baba, naye hukuita adeer. Mama hakuizoea desturi hii mpaka anakufa, alikuwa akicheka kila tulipoitana. Tangu siku ya kiharusi hakukuwa na mtu wa kuniita aabo, nami niliendelea kumwita yeye, nikingoja kwa mazoea lirudi.

Kazi ya baba ilikuwa udalali wa mifugo. Dalali wa kwetu hapatani bei kwa mdomo mbele ya kadamnasi. Anamshika mnunuzi mkono, anaufunika kwa shali, na vidole ndivyo vinavyosema. Wanaotazama wanaona nyuso mbili tu zisizo na habari. Nilipokuwa mdogo alinifundisha kwa mchezo, tukikaa barazani hapo hapo. Kidole gumba kikibonyeza katikati ya kiganja, maana yake ni: sema wewe, unataka nini. Ukiutoa mkono, umekataa. Ukiikamata ngumi yote ya mwenzako na kutulia, umekubali na mambo yamekwisha, na baada ya hapo anayechezesha kidole tena si mtu wa kuaminika. Baada ya kiharusi nilijaribu kuzungumza naye kwa njia hiyo siku za mwanzo. Nilimuuliza kama ana njaa, kama anaumwa, kama anataka kugeuzwa. Mambo makubwa sikuyauliza. Sikujua kwamba hiyo ndiyo ingekuwa aibu yangu.

Sasa niseme jinsi briji ilivyoingia nyumbani kwetu, maana hata mimi ilinishangaza.

Kulikuwa na daktari wa mifugo mstaafu, rika la baba, aliyekuwa akikagua ng'ombe sokoni zamani. Alisomea Misri, na huko, pamoja na udaktari, akajifunza mchezo wa karata ambao hakuna mtu mwingine mtaani aliyeujua. Alirudi akamfundisha mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, naye sasa amestaafu. Mimi nilimwita mume adeer na mke eeddo, yaani shangazi. Kwa miaka walicheza na mume na mke wengine, watumishi wa serikali, mpaka wale wakahamishwa. Briji inataka watu wanne, wala watatu hawafai. Siku moja baada ya swala ya alasiri wakabisha hodi kwetu na furushi la karata. Ukweli ni kwamba wao walikuwa wanatafuta watu wawili wa kujaza meza, na sisi hatukuwa na pa kwenda.

"Adeer, baba yako hawezi sema, lakini hii mchezo haitaki mdomo," adeer aliniambia. "Hii inataka kichwa tu. Na kichwa yake ni nzuri kuliko yangu."

Ilikuwa kweli. Katika briji wenzi hukaa wakitazamana, na kabla ya kucheza kuna mnada. Kila mtu kwa zamu yake hutaja rangi anayotaka iwe turufu na kiasi anachodhani yeye na mwenzake watashinda. Rangi ni nne, pau, uru, kopa na shupaza, na asiyetaka kutaja hupita; wengine wote wakipita, tamko la mwisho ndilo linalochezwa. Huruhusiwi kumpa mwenzako habari kwa njia nyingine, si kwa jicho wala kwa kikohozi. Adeer alikuwa amekata vikadi kutoka kwenye maboksi ya tambi, akaandika matamko yote kwa kalamu nene, na vya kupita akavipaka kijani. Unatoa kikadi, unakilaza mezani, huongei. Meza nzima ilikuwa bubu, na kwa saa mbili kila alasiri baba hakuwa mgonjwa kuliko mtu mwingine. Mkono wake wa kulia haukuweza kushika karata, kwa hiyo nikageuza brashi ya kufulia nguo manyoya juu, nikazichomeka karata zake humo, zikasimama vizuri kabisa.

Jirani mmoja alikuja kuuliza kama jambo hilo ni halali. Adeer akamwonyesha meza isiyo na hata shilingi na kumkaribisha chai. Hakurudi tena, na nadhani tulipunguziwa sifa kidogo mtaani, jambo lililonifurahisha.

Adeer alikuwa mwalimu mkali. Mwezi wa tatu tangu tuanze alitufundisha tamko lililonisumbua kuliko yote. Tuseme baba amefungua kwa uru moja. Mimi nimejibu kopa moja. Yeye amesema shupaza moja. Rangi tatu zimekwisha tajwa, na mimi nina karata nzuri lakini sijui tuelekee wapi. Hapo nataja ile ya nne iliyobaki, pau mbili. Sina pau. Sitaki pau. Ni tamko la kubuni, nalo linamwambia mwenzangu: tuna nguvu, ila sioni njia, nieleze zaidi kilicho mkononi mwako. Na mwenzangu hawezi kupita. Lazima aseme kitu, chochote, hata kama kilichobaki mkononi mwake hakimpendezi.

"Na wao?" niliuliza, nikimwonyesha eeddo. "Wao tunawaficha?"

Adeer alinitazama kana kwamba nimesema nataka kuiba. "Hii si soko ya ng'ombe, adeer. Hapa siri hakuna. Adui akiuliza maana, anaambiwa."

Baba alicheka kwa nusu ya uso wake iliyobaki. Alikuwa ameishi miaka arobaini kwa kuficha vidole, na sasa anaambiwa kuna mnada ambao wenzi wanapanga lugha yao na kisha wanaitangazia meza nzima. Kwa kawaida anayeeleza maana ya tamko ni mwenzi wa yule aliyelitoa. Baba hakuweza kueleza, basi tulikubaliana kwamba nitajieleza mwenyewe. Adeer, aliyenifundisha tamko hilo kwa mdomo wake, aliniuliza maana yake kila mara nilipolitoa, kwa sauti ya hakimu, eti ni utaratibu. Nami kila mara nilijibu kama mwanafunzi: "Haina maana ya pau. Namuuliza anieleze zaidi, na hawezi kunyamaza."

Mara ya kwanza baba alinyamaza. Nililaza pau mbili kwa fahari, na yeye akalaza kile kikadi cha kijani, ametulia kabisa, anatabasamu. Nikalazimika kucheza pau kama turufu nikiwa na pau mbili mkononi. Karata zake zilipolazwa wazi mezani, kama sheria inavyotaka, tukaona alikuwa na pau nne, hana kopa hata moja. Tuliangushwa vibaya sana.

"Bau mbili si bau!" adeer alifoka, na p zake zikaanza kuwa b kama kila anapopandwa na hasira au hisia. "Ni swali! Sheria haikukatazi kunyamaza, askari haiko hapa, lakini umeacha mtoto wako borini!"

Mimi ndiye niliyeelewa. Nilimweleza adeer kwamba baba hakukataa swali, alikubali bei. Nimempa pau, yeye anazo nne, akaona biashara imekwisha. Sokoni ukiridhika hupandishi wala hushushi, unakamata mkono na kutulia. Dalali gani angeendelea kuchezesha vidole baada ya kupata anachokitaka? Eeddo alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. Baba aliposikia nikimtetea aliinamisha kichwa, na tangu siku hiyo hakulikosea tena tamko lile. Miezi mingi ikapita, kila nikitaja rangi ya nne yeye anajibu, upesi na kwa usahihi kuliko mimi.

Ujumbe kutoka Mombasa ulifika Jumatatu moja wakati nikimnyoosha mguu. Mwanamke aliyekuwa mkuu wangu pale maabara aliandika kwamba nafasi yangu ya zamani imefunguka, kwamba ananitaka mimi kabla ya kuitangaza, na kwamba anahitaji jibu kabla ya Alhamisi mchana. Niliusoma mara tatu nikiwa nimeshika kisigino cha baba kwa mkono mmoja. Halafu nikaiweka simu chini, nikaendelea kunyoosha, kumi na tano, kumi na sita.

Njia ilikuwepo, nayo niliijua. Tangu mwaka wa kwanza dada yangu alikuwa akisema: mlete Tarbaj. Huku kuna ndugu zake, kuna ngamia anaowajua kwa majina, kuna watoto wa kumzunguka, mume wangu ameridhia. Na mimi tangu mwaka wa kwanza nilikuwa nikimjibu kwamba haiwezekani, baba amezoea Garissa, hospitali kubwa iko hapa, safari itamuua. Hayo mazoezi ya hospitali yenyewe yalikuwa yamekwisha zamani, na daktari alisema anaweza kusafiri. Lakini kwenda Tarbaj lazima baba akubali, na ili akubali lazima aulizwe, na mimi sikuthubutu. Kumuuliza mzazi kama yuko tayari kukaa kwa mtoto mwingine ni kumwambia nimekuchoka. Nilikuwa nimechoka kweli, na ndiyo maana niliogopa. Mtu asiyechoka angeuliza tu.

Jumatatu ikaisha. Jumanne ikaisha. Nilimwosha, nikamlisha, nikafungua mdomo mara kadhaa na kuuliza kama chai imepoa. Usingizi ulinipotea na chakula kikanishinda. Nilimchukia kaka, nikamchukia mwenye duka la nepi, na kwa muda fulani Jumanne adhuhuri, baba alipomwaga uji kwa makusudi kama nilivyodhani, nilimchukia na yeye. Nalisema hili kwa sababu wanaosifu hawalisemi.

Jumatano alasiri adeer na eeddo walikuja kama kawaida. Tuliweka meza ndogo barazani, mimi mkabala na baba, eeddo kushoto kwake, adeer kushoto kwangu. Feni ilikuwa imesimama. Baba alifungua kwa uru moja. Eeddo akapita. Nikatazama karata zangu: kopa tano, esi na mfalme wakiwemo, shupaza tatu, uru tatu, pau mbili ndogo zisizo na maana. Kopa moja. Adeer akapita. Baba akalaza shupaza moja. Eeddo akapita. Sasa ilikuwa zamu yangu, na mkono ulitoa kikadi cha pau mbili kabla sijafikiri sana, maana hakukuwa na tamko jingine la kutoa.

Adeer akakohoa kidogo, akajiweka sawa kitini. "Kwa utaratibu, nauliza. Hii pau mbili maana yake nini?"

Nilikuwa na jibu lile la kila siku mdomoni. Nilianza nalo kabisa. "Haina maana ya pau," nikasema. "Namuuliza anieleze zaidi." Kisha sauti ikaendelea yenyewe, nami nikaisikia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. "Namuuliza kama mimi nikirudi kazini Mombasa, yeye atakubali kwenda kukaa Tarbaj kwa dada. Wananitaka nijibu kesho. Namuuliza na hawezi kunyamaza."

Eeddo alizifunika karata zake kifuani. Adeer alitazama kikadi changu, halafu kwa upole ambao sikuujua kwake akalaza kikadi chake cha kijani ili zamu iende kwa baba.

Baba hakunitazama. Alitazama karata zake kwenye brashi, moja baada ya nyingine. Mkono wake wa kushoto ukaenda kwenye boksi la matamko, ukapekua, ukatoa kikadi cha kijani, ukakilaza.

Amepita. Basi ndivyo, nikajiambia. Umeuliza mbele ya watu, umemwaibisha mzee, naye amekunyima hata neno. Nilijiona nikiwa na miaka arobaini, hamsini, nikihesabu matofali yale yale.

"Waryaa, wewe!" adeer alimfokea rafiki yake. "Mtoto amekuuliza! Hapa huwezi nyamaza!"

Baba alimpuuza. Alivuta ncha ya shali begani kwa mkono wake mzima, akaitandaza juu ya goti, akaiinua kidogo, akanionyesha kwa kidevu. Sikuelewa mara moja. Eeddo alinisukuma kwa kiwiko. Nikainuka, nikazunguka meza, nikapiga magoti kando ya kiti chake, nikaingiza mkono chini ya shali.

Aliikamata ngumi yangu yote, akatulia.

Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto, na haukutikisika hata kidogo. Adeer ndiye aliyetaka uhakika, kama daktari anayerudia kipimo. "Umeuliza maswali mbili, adeer. Uliza moja moja."

"Wewe uende Tarbaj, aabo?" niliuliza. Aliniachia, kisha akaikamata upya, akatulia.

"Mimi niende Mombasa?" Akaniachia, akaikamata, akatulia.

Hapo ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Lakini kuna kitu katika wepesi wa jibu lake kilichonichoma, nikauliza ambalo sikupanga. "Ulianza lini kutaka? Mwezi huu?" Akautoa mkono. Sokoni hiyo ni hapana. Nikaufuata chini ya shali. "Mwaka huu?" Akautoa tena. "Mwaka jana?" Akautoa. Nilijua sasa kilichobaki, na nilikiuliza kwa sauti ndogo sana. "Tangu mwanzo?"

Akaikamata ngumi yangu, akaibana mpaka vifundo vikaniuma, na hakuiachia.

Nililia, naam, lakini kilio cha kwanza kilikuwa cha hasira. Miaka mitatu! Mimi nimeozea barazani kwa ajili ya mtu ambaye naye alikuwa anaozea barazani kwa ajili yangu. Nilitaka kumgombeza kwa nini hakusema, na papo hapo nikaona upuuzi wa kumuuliza hivyo mtu aliyepoteza ulimi. Eeddo, ambaye ualimu haujamtoka, alisema tu: "Ungetaka aseme vipi? Yeye anaweza kujibu. Kuanza ni lazima uanze wewe."

Nikamuuliza la mwisho. Kama alidhani ni mimi nisiyetaka kuondoka. Akanikamata. Hapo nikakumbuka zile simu zote, kaka Ijumaa, dada kila wiki, nikiwa nimeweka spika ili baba asikie sauti za watoto wake. Huku tuko sawa, alhamdulillahi. Sina haraka ya kurudi Mombasa, nimepazoea. Nilisema kwa adabu tu, kwa kuwa ndivyo mtu anavyosema. Yeye alikuwa kitini pale pale, anasikia, anaamini kila neno, na mimi sikumweleza mtu yeyote kwamba maneno hayo hayakuwa na maana yake.

"Sawa," adeer alisema, akijifuta uso. "Lakini amebita. Eeddo yako naye anabita. Kwa hivyo turufu ni bau. Rudi kwa kiti yako ucheze."

Nilirudi nikacheza pau mbili nikiwa na pau mbili, macho yamejaa machozi, na tukaangushwa vibaya kuliko siku ile ya kwanza. Adeer aliandika alama zake kwa raha isiyofichika.

Nilijibu Mombasa kabla ya magharibi, kisha nikampigia dada. Alhamisi asubuhi niliingia chumbani kwa baba na beseni la maji, nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda. Namna alivyoketi peke yake mpaka leo sijui. Alikuwa amevaa kofia, fimbo iko kati ya magoti, uso umeelekea mlangoni. Nilimwambia gari la shemeji halitafika kabla ya wiki ijayo. Akatikisa kichwa kwamba amesikia, na hakuondoka pale ukingoni. Nilimwosha miguu akiwa na kofia yake kichwani, na nilikasirika tena, wivu mtupu. Angalau angesita kidogo.

Shemeji alifika siku ya tano na gari la kubebea mizigo lenye viti viwili mbele. Tulimpakia baba, godoro lake, magongo, furushi la karata alilopewa na adeer, na ile brashi ya kufulia. Adeer na eeddo walisimama mlangoni wakibishana kuhusu nani sasa atajaza meza yao. Mkoba wangu nilikuwa nimeutoa juu ya kabati, nikaufuta vumbi, na tiketi ya basi la Mombasa ya kesho yake ilikuwa mfukoni mwangu. Nilizunguka mpaka kwenye dirisha la gari kumuaga.

Baba alitoa ncha ya shali dirishani. Nikaingiza mkono. Kidole gumba chake kikatafuta katikati ya kiganja changu, kikabonyeza mara moja. Sema wewe, unataka nini. Katika maisha yangu yote sikumbuki mtu mwingine aliyeniuliza hivyo, na nilikuwa na jibu, si nimelililia miaka mitatu? Lakini vidole havikulisema. Niliikamata ngumi yake yote kwa nguvu, nikatulia, kana kwamba kuna jambo tumekubaliana la kubaki hivyo hivyo. Shemeji akawasha gari. Sikuachia. Akaingiza gia, akanitazama kwa heshima, akasubiri.

Baba ndiye aliyeutoa mkono kwanza.